Ndiyo ya Fundi Gamaliel

Watu wa Mususa, mtaa wetu, watakuambia kwamba mimi, fundi Gamaliel, nina hasira za karibu. Ni uongo. Hasira zangu ziko mbali, ila watu huzifuata huko huko ziliko na kuniletea. Nimetengeneza redio miaka thelathini na minne katika kibanda changu cha mbao hapa Butembo, na mwaka ninaousimulia, 2015, redio zilikuwa zimekwisha. Kila mtu alikuwa na simu. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kupangusa vumbi kwenye redio ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau.

Wakati huo binti yetu Keren alikuwa mkunga kule Beni, katika kituo kidogo cha afya cha kanisa letu. Beni haikuwa mahali pa kumwacha mtoto wako. Vijiji vya kandokando vilishambuliwa, watu walikimbia na magodoro kichwani, na mjini hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Wanawake wenye mimba waliingia kituoni kabla ya saa hiyo, wakajifungua gizani, kwa mwanga wa tochi ya simu. Tulimwomba Keren arudi nyumbani.

"Papa," alinijibu kwa simu, "kama minarudia, nani atapokea bale batoto?"

Nilikasirika nikakata simu. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikalia kidogo.

Ndipo kanisa likapata vifaa vya umeme wa jua kwa ajili ya kituo kile: paneli sita, betri nne, taa, nyaya, vyote ndani ya masanduku. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa mjukuu. Lakini kamati ikasema fundi wa kuvifunga lazima awe na karatasi. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa Josaphat, alikuwa na sababu yake. Miaka miwili nyuma, kijana mmoja mwenye maneno matamu alifunga paneli kwenye nyumba ya mchungaji. Betri zikafa kabla ya miezi miwili, na kijana mwenyewe hajaonekana mpaka leo.

"Gamaliel, minakujua," Josaphat aliniambia alipopita Butembo. "Weye ni fundi. Mais lakini, mbele ya kamati, kujua haitoshe. Leta karatasi mbele ya mwezi wa kumi na moja. Bila karatasi, tutangojea fundi wa Goma."

Fundi wa Goma alikuwa amesema atakuja barabara ikitulia. Barabara hiyo haijatulia tangu nilipokuwa kijana.

Mke wangu Jemima ndiye aliyenitafutia dawa. Anafundisha shule ya msingi, na walimu husikia mambo. Alisikia kwamba chuo kikuu kimoja cha Kanada kinafundisha umeme wa jua kwa intaneti, kwa Kifaransa, wiki nane, bure, na mwishoni kinatoa karatasi yenye muhuri. Nilimwambia kitu cha bure lazima kina mwenyewe. Akachukua simu akaniandikisha. Fomu ilitaka jina la ukoo, tukakwama. Mimi ni Kasereka kwa kuwa kwetu ndilo jina la mtoto wa kiume wa tatu; wakubwa zangu ni Mumbere na Kambale, na ukoo wetu haumo katika jina lolote kati ya hayo. Jemima akaandika Kasereka, Kanada wakaridhika.

Sasa nitakuambia elimu ya bure inavyomla mtu. Mwalimu ni wa bure, lakini mtandao si wa bure. Simu inataka chaji, na chaji inataka umeme, na umeme ndio hasa nilioufuata huko masomoni. Video ya dakika kumi ilishuka kwa nusu siku, tena mahali pamoja tu, kwenye ngazi ya fundi cherehani Mbusa, jirani yangu, ambako mtandao ulifika kama mgeni asiyetaka kuketi. Nikawa naiacha simu yangu kwa Mbusa tangu asubuhi, juu ya ngazi, ndani ya kibakuli, na yeye akiilinda huku akishona. Na Kifaransa cha mwalimu kilikwenda mbio. Ilinibidi kusikiliza kila somo mara tatu, na masikio yangu yamechoshwa na miaka ya kelele za redio.

Ndipo nikaunganisha simu na spika kubwa ya kanisa, ambayo walikuwa wameniletea niitengeneze. Kwa masikio yangu tu, nawaambia. Lakini spika ya kanisa haijui kunong'ona. Somo la pili likasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Waendesha pikipiki wakazima injini. Mbusa akaleta kiti chake. Mama mmoja muuza nyanya akahamisha beseni lake na kulileta mlangoni kwangu, na wiki ya nne ilipofika alikuwa anawaeleza wateja kazi ya régulateur, kile kisanduku kinacholinda betri isijazwe kupita kiasi. Waliokimbia kutoka vijiji vya Beni, ambao walikuwa wamepewa vyumba mtaani kwetu, walikuja pia. Walisema ni mara ya kwanza kusikia spika ikitangaza kitu ambacho si habari mbaya. Nilijifanya wananisumbua. Kweli ni kwamba siku waliyochelewa nilichelewesha somo.

Wiki ya tano niligombana na Kanada. Swali la mtihani mdogo lilisema: mwezi wa Desemba, paneli ielekezwe upande gani, na iinuliwe kiasi gani? Nikajibu kwamba ilazwe karibu kabisa na paa, iinamishwe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Mashine ikanipa sifuri. Jibu lao lilikuwa paneli isimame karibu wima kama ukuta, itazame kusini. Wote mlangoni wakapiga kelele, kila mmoja akitazama juu kuhakikisha jua liko wapi. Nikaandika kwenye ukurasa wa maswali, kwa herufi kubwa, kwamba jua la Butembo linapita juu ya kichwa changu, na kwamba nikisimamisha paneli kama ukuta nitawasha taa ya jirani. Mtu wa Ecuador akaniunga mkono. Mwalimu hakujibu.

Mtihani wa mwisho niliufanya peke yangu, mlango umefungwa. Sheria zilisema kila mtu ajibu bila msaada, na mimi ni mtu wa kanisa. Nje walinyamaza kabisa, hata mama wa nyanya aliuza kwa vidole. Nikapata themanini na mbili kwa mia. Kilichobaki kilikuwa mazungumzo ya robo saa na mwalimu kwa video, ili ahakikishe kwamba Kasereka Gamaliel ni mtu, na kwamba kazi ni yake.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, mpole. Tulimwita Madame. Aliniuliza mambo ya nyaya na betri, nikajibu vizuri. Mwishoni akauliza: "Monsieur, vous n'avez reçu l'aide de personne?" Yaani, hukusaidiwa na mtu yeyote?

"Oui, Madame!" nikajibu kwa sauti ya kiume: ndiyo.

Akanitazama. Akarudia polepole: "De personne?"

"Oui, oui, Madame. Oui!"

Akaandika kitu, uso wake ukiwa na huzuni. Nilidhani labda tumbo linamuuma.

Siku tatu baadaye barua ikaja kwenye simu. Karatasi imekataliwa, ilisema, kwa sababu mwanafunzi mwenyewe amekiri kwamba alisaidiwa. Nilirusha bisibisi. Niliitukana Kanada yote, na theluji yake, na miti yake. Jemima alipofika kutoka shuleni alinikuta nafunga spika ya kanisa kwa kamba, nikiapa kwamba sitasoma tena mpaka kufa.

"Alikuuliza aje?" akasema.

"Aliniuliza kama hakuna mutu alinisaidia."

"Na weye?"

"Nikasema oui. Si ni kweli? Hakuna mutu!"

Jemima aliweka mfuko wa madaftari chini. Akaketi. Kisha akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Gamaliel, umejishitaki weye mwenyewe! Mu Kifaransa, pale unasema non, hapana. Non, personne. Batoto yangu ya mwaka wa tatu banakosa vile vile kila siku."

Nimesema Kifaransa maisha yangu yote, na kumbe nilikuwa nasema Kiswahili kwa maneno ya Kifaransa. Kwetu ukiniuliza "Hukula?", na kweli sijala, nakujibu ndiyo: umesema kweli, sikula. Wao huko wanasikia ndiyo wanaona mtu aliyeshiba.

Jemima akaandika barua ya kueleza na kuomba mazungumzo mengine. Jibu likachelewa wiki mbili. Nilikonda. Nilikuwa naota Keren akiwa gizani. Hatimaye wakajibu: Alhamisi, saa tisa alasiri kwa saa zetu. Sasa tazama mambo yanavyojua kupangana: Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi, kamati ilikuwa inakutana Beni kuamua juu ya fundi. Sikuweza kuwa mahali pawili. Nikaamua kwamba mazungumzo nitayafanyia Beni, kwenye kituo cha Keren, kisha niingie kwenye kamati na jibu mkononi.

"Sikia muzuri," Jemima aliniambia asubuhi ile, akinifunga vifungo vya koti. "Hapana jibu oui, hapana jibu non. Toa sentensi muzima. Hata kama anakuuliza jina."

Nilipanda pikipiki na sanduku langu la vifaa. Naogopa barabara hiyo, nasema wazi. Mahali pengine miti ilikuwa karibu mno, dereva akaongeza mwendo. Karibu na Beni kulikuwa na kizuizi, na mwanajeshi mmoja akaona bisibisi zangu. "Papa, yaka!" akaniita. Nilidhani nimekwisha. Akatoa redio ndogo iliyokuwa bubu tangu mwezi uliopita. Ulikuwa ni uzi mmoja tu umekatika kwenye spika. Nilipoiwasha ikatoka rumba, na askari wote wa kizuizi wakaanza kutikisa mabega. "Malamu, papa, malamu!" wakanisifu. Tukapita bila hata kuonyesha kitambulisho. Miaka thelathini na minne ya redio haikupotea bure.

Keren alinikumbatia mlangoni. Alikuwa amepungua. Akaniweka kwenye chumba cha kungojea, akaegemeza simu kwenye chupa ya dawa, mtandao ukiwa mzuri kuliko wa ngazi ya Mbusa. Ikabaki dakika tano. Ndipo mvua ikaanguka, mvua ya Beni isiyopiga hodi. Kamati ilikuwa imepanga kukutana kwenye ua wa kituo, chini ya turubai, na wajumbe walikuwa wamefika mapema. Turubai likaenda na upepo. Wakakimbilia ndani, wote, Josaphat akiwa mbele na Biblia kichwani, pamoja na kina mama wajawazito waliokuwa wakingojea nje, na kuku wa mtu. Hakukuwa na chumba kingine cha kuwaweka.

Simu ikaita. Madame akatokea.

Swali lake la kwanza, ndugu msomaji, lilikuwa hili: "Il n'y a personne avec vous dans la pièce?" Hakuna mtu pamoja nawe chumbani?

Ulimi ulishakunja oui. Niliuuma. Nikatoa sentensi nzima: "Madame, niko na watu kumi na mmoja, na kuku mmoja. Mvua imetuingiza."

Madame akasema nigeuze simu awaone. Niligeuza. Josaphat akanyoosha tai. Kina mama wakapunga mikono. Kuku akapanda kwenye benchi. Madame akaweka mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na alipoutoa alisema watu wakae nyuma yangu wasiseme neno, na kwamba ataniuliza mambo yasiyo kwenye kitabu.

"Desemba," akasema. "Kwa nini ulikataa kusimamisha paneli?"

Kumbe alikuwa amesoma! Nikasahau woga. Nikamweleza kwamba hapa tuko kwenye mstari wa katikati ya dunia, kwamba nusu ya mwaka jua linapita kidogo upande wa kusini na nusu nyingine upande wa kaskazini, na adhuhuri haliendi mbali na utosi. Nikamweleza juu ya vumbi la kiangazi na mvua inayoosha bure. Akaniuliza ningefungaje kwenye kituo hiki hiki. Nikahesabu taa, friji ndogo ya chanjo, siku za mawingu ambazo betri lazima zivumilie. Akaniuliza nini huua betri haraka. Nikasema: fundi mwenye haraka, na mtu anayechomeka pasi. Nyuma yangu Josaphat alikohoa; pasi ya mchungaji ilikuwa inajulikana.

"C'est juste," Madame alikuwa anasema kila mara, yaani ni sahihi. "C'est juste."

Kisha akafika penyewe. "Mara ya kwanza ulikiri kwamba ulisaidiwa."

"Madame," nikasema, "kwetu ndiyo inajibu maneno yako. Kwenu inajibu jambo lenyewe. Wewe ulisema hakuna aliyenisaidia, mimi nikasema umesema kweli. Masomo nimesikiliza na mtaa mzima, hilo sifichi. Mtihani nimefanya mimi na Mungu, naye hakusema kitu."

Alifungua kinywa kujibu. Na hapo hapo radi ikapiga, simu ikaandika kwamba hakuna mtandao, na uso wa Madame ukabaki umeganda, kinywa wazi.

Tulingoja. Saa kumi ikafika, ikapita. Keren akapanda kiti akiinua simu juu. Hakuna. Jina la fundi lilitakiwa kupelekwa siku ile ile kwa waliotoa vifaa, kabla watu hawajajifungia majumbani. Josaphat akatoa daftari la kamati, akavaa miwani. Niliona masanduku yale yakikaa mwaka mwingine. Nilimwona binti yangu.

"Gamaliel," akasema, "hauna karatasi?"

"Ndiyo," nikajibu. Sauti ilikuwa ndogo.

"Na mu hii chumba hakuna mutu alikusaidia kujibu ule mama?"

"Ndiyo, muzee."

Akawageukia wenzake. "Iko mutu hapa anasikia kama amekubali kosa?"

Wakaangua kicheko, wote, hata mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika kiuno kwa uchungu.

"Donc basi," Josaphat akasema, akiandika, "karatasi tuliomba juu ya kujua kama mutu anajua. Leo tumeyisikia na masikio yetu. Kesho asubui unaanza. Na mutu asichomeke pasi."

Niliketi chini. Keren alinishika bega, na mimi sikuweza kumtazama.

Nilifunga paneli zile kwa siku nne, zimelala kwenye paa, zikiinama kidogo tu. Barua ya Madame iliingia siku ya pili, nikiwa juu ya ngazi: nimefaulu, karatasi inafuata, na swali la Desemba litabadilishwa kwa wote wanaoishi chini ya jua kama letu. Niliisoma kwa sauti kutoka paani, mara mbili.

Siku ya nne, jua lilipokuwa linazama, nikabonyeza. Taa zikawaka chumba kwa chumba. Watu walipiga vigelegele, kisha wakaenda mbio makwao kabla ya saa ya kufungiwa. Mimi nikabaki ukumbini nakaza skrubu, maana katika chumba cha kuzalia mwanamke mmoja alikuwa ameanza.

Nikasikia mtu akisema naye kule ndani. Sauti ya upole, isiyokatika: pumua, mama, vile vile, ngoja kidogo, sasa, sukuma, uko nafanya muzuri, naona kichwa, naona nywele. Ilichukua muda nitambue kwamba ni Keren. Kisha mtoto akalia.

"Keren," yule mwanamke akasema, akihema na kucheka, "batoto yangu wawili ulibapokea weye. Mais sauti yako, niko naisikia leo mara ya kwanza."

"Mama," Keren akajibu, "siku zile tochi ilikuwa mu meno."

Sikuwa najua. Miaka minne alikuwa ameniambia habari za kazi yake, na hilo hakuwahi kuniambia. Nilichukua bisibisi nikatoka kwenda kukagua betri, ambazo hazikuwa na tatizo lolote, nikakaa nazo mpaka macho yaliponikauka.